Samaki Yuko Njiani

Nilipokuwa na miaka 19 nilikuwa nahudumia wageni kwenye mkahawa wa mjomba wangu Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Meza sita, paa la makuti, na menyu yenye vyakula 24. Jikoni kulikuwa na unga, vitunguu, nazi mbili tatu na tawakali. Mgeni akiagiza pweza, mdogo wangu alipanda baiskeli kwenda kumtafuta pweza. Akiagiza changu, tulitoka nje kutazama kama ngalawa zimeanza kurudi. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya meza, mikono nimeikunja nyuma, na kusema kwa tabasamu, "Samaki yuko njiani." Haukuwa uongo. Njia tu ndiyo ilikuwa ndefu.

Miaka 17 baadaye, Februari 2025, nimekaa kwenye ubao ulioelekea bahari ya watu wengine, kisiwa cha Bequia huko Karibi, na dakika hamsini zimepita tangu niagize samaki wa kukaanga. Mume wangu kavua viatu, kafumba macho, anapiga mluzi. Mimi natazama simu. Nikamwita yule binti aliyetuandikia chakula, nikamuuliza kulikoni, na sauti iliyonitoka nikaijua papo hapo. Ilikuwa sauti ya mgeni wa meza namba mbili kule Jambiani. Ile ile, na nyusi zake.

Binti akaniangalia kwa upole, akasema samaki anakuja.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mume wangu, ambaye kwao ni Tanga na hana haya, alicheka mpaka akakohoa.

Nieleze kwanza tulifikaje huko. Tunaishi Toronto. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, yeye anaendesha lori. Tangu tuhamie huko, likizo kwetu ilikuwa na maana moja: kwenda nyumbani, na kwenda nyumbani si kupumzika. Ni masanduku manne ya zawadi, ni harusi, ni hitima, ni kuzunguka nyumba hadi nyumba ili asije mtu akasema umemruka. Mwaka ule wifi yangu akajitolea kukaa na watoto wiki moja. Mwenzangu wa kazini, mwenyeji wa Saint Vincent, ndiye aliyetuambia tusiende kwenye mahoteli ya kila kitu ndani. "Mkifika tu Kingstown pandeni boti mwende Bequia," alisema. "Mkapange chumba cha juu kwa mtu."

Jina la Bequia hutamkwa Bekwei. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 18, chini ya nchi ya Saint Vincent na Grenadines. Ukigawa Unguja unapata Bequia karibu tisini. Boti kutoka Kingstown, mji mkuu wa nchi hiyo, huchukua kama saa moja, na mkondo wa bahari katikati hauna huruma. Niliyezoea boti ya Dar nikajiona mjuzi. Dakika ya ishirini nilikuwa nimekumbatia nguzo. Halafu ghafla mawimbi yakatulia, tukawa tumeingia Admiralty Bay, ghuba pana yenye mashua za matanga zimetia nanga, na mji wa Port Elizabeth umejipanga chini ya vilima.

Kosa langu la kwanza nililifanya dukani, kabla hata ya lile la samaki. Niliingia, nikauliza, "Maji mnayo?" Mama muuzaji akanyamaza. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akaweka chini kitambaa chake, akanitazama, akasema taratibu kama anayemfundisha mtoto: "Habari ya asubuhi." Wote waliokuwa dukani wakawa wananisubiri. Nikaitikia, nikamwuliza hali, kisha nikauliza maji. Maji yakatoka, tena ya baridi.

Huko huwezi kuingia mahali, wala kupanda gari la abiria, bila kusalimu watu wote kwa pamoja. Hata usiku, lile neno ‘good night’ ambalo sisi tulifundishwa skuli kuwa ni la kuagana kwa Kiingereza, wao hulitumia mtu anapofika. Na mimi ni mtoto wa shikamoo! Nimelelewa kumwamkia mtu mzima hata kama simjui. Miaka tisa ya kupanda treni za chini ya ardhi, kila mtu kaziba masikio, imenifuta adabu bila mimi kujua.

Chumba chetu kilikuwa Lower Bay, juu ya nyumba ya mama mmoja mtu mzima ambaye nilimwomba ruhusa nimwite Bibi. Alilipenda hilo neno, akawa anajiita mwenyewe. Siku ya kwanza alituonyesha mambo matatu. La kwanza, maji: kisiwa hakina mito, hivyo kila nyumba hukinga mvua kwenye paa na kuyahifadhi kwenye tangi kubwa chini. Kuoga ni kujimwagia, kufunga bomba, kujisabuni, kufungua. La pili, chakula: ukitaka kula jioni, mwambie mpishi asubuhi, naye atakwambia kuna nini, siyo wewe umwambie unataka nini. La tatu lilikuwa mti.

Mti wenyewe unaitwa manchineel, unaota ufukweni kabisa, majani yake mabichi yanayong'aa na vitunda kama tufaha dogo. Bibi alisema usile, usishike, usikae chini yake. Mume wangu alisikiliza mambo ya maji na chakula. Siku ya tatu mvua ikashuka ghafla, akakimbilia kujikinga chini ya kivuli kizuri kilichokuwa karibu. Utomvu wa mti ule ni mkali kiasi kwamba hata mvua ikipita kwenye majani yake hukuchoma. Alirudi na bega limejaa vipele vyekundu, anajikuna kama aliyepakwa upupu. Bibi alimwosha kwa sabuni na maji mengi, hakusema kitu. Lakini tangu siku hiyo kila tulipotoka alimwita mume wangu pekee yake, akamwelekeza miti kwa kidole.

Sasa chakula.

Nilikwenda nikiwa na wasiwasi. Nilijua watu wa visiwa vile wanapenda nguruwe na ramu, na Saint Vincent inatengeneza ramu ya nguvu ya asilimia 84.5, ambayo kwangu mimi inafaa kusafishia vidonda. Nikajiwekea kanuni: samaki na mboga basi. Kanuni hiyo ikawa ndiyo neema. Asubuhi ya pili nimekaa uani, Bibi akaniletea sahani: maandazi mapana ya kukaanga, wao huyaita kwa jina lao lakini mimi niliyatambua, na samaki wa chumvi aliyechambuliwa, kakaangwa na kitunguu na pilipili. Nilipotia tonge mdomoni nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama akichambua ng'onda barazani. Samaki wao wa chumvi asili yake ni yule aitwaye ‘cod’ kwa Kiingereza, wa bahari za baridi za kaskazini. Aliletwa karne za utumwa kuwa chakula rahisi cha watumwa wa mashamba ya miwa. Wajukuu wao wamemfanya chakula cha fahari cha asubuhi.

Mchana wa Jumapili ulikuwa wali wa mbaazi wa tui la nazi. Mbaazi zile zile! Siku nyingine mchuzi wa majani ya magimbi, mzito, wa kijani iliyokolea. Magimbi yenyewe ya kuchemsha, ndizi mbichi, muhogo. Juisi ya embe ng'ong'o yenye tangawizi. Mume wangu alikuwa anakula huku akitikisa kichwa, anasema tumeruka bahari mbili kuja kula chakula cha kwa mama mkwe.

Ila shelisheli ndilo lililonikalisha chini. Kwetu Unguja tunalipika kwa nazi, au tunalikata vipande tukakaanga, na watu wengine wanalidharau, chakula cha siku isiyo na mchele. Kule shelisheli la kuchoma na samaki wa kukaanga jamii ya kolekole ndicho chakula cha taifa. Bibi aliliweka zima juu ya makaa, akaligeuza kila baada ya muda karibu saa nzima, mpaka ganda likawa jeusi tititi na mvuke ukawa unatoka kwenye kikonyo. Akalimenya likiwa bado moto, ndani ya rangi ya siagi, harufu kama mkate. Wakati tunasubiri akanisimulia lilivyofika. Mwingereza William Bligh alilileta kutoka Tahiti mwaka 1793, miche mamia ndani ya jahazi, ili mabwana wa mashamba wapate chakula cha bei ndogo cha kuwalisha watumwa. Safari yake ya kwanza ilivunjika mabaharia walipomwasi mwaka 1789, wakamtosa ndani ya mashua ndogo. Akarudi tena. Pale Kingstown kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1765, na ndani yake wanaonyesha mshelisheli uliochipuka kutoka mti wa kwanza.

"Kwa hiyo," Bibi akasema, anafuta masizi mikononi, "walituletea ili watulishe kwa senti. Sasa wageni wananilipa niwapikie."

Nilifikiria karafuu zetu, ni nani walizichuma zamani na kwa mkono wa nani juu yao. Sikusema. Nilikula vipande vinne.

Ladha nyingine zilikuwa ngeni kweli. Lambi, konokono mkubwa wa baharini mwenye gamba la waridi, hupondwa kwanza kama tunavyompiga pweza, vinginevyo unatafuna kiatu. Walimtia kwenye mchuzi wa bizari, wakamfunga ndani ya chapati yenye dengu zilizosagwa katikati. Chapati hiyo wanaiita roti, na ilikuja na vibarua wa Kihindi walioanza kuletwa Saint Vincent mwaka 1861, baada ya utumwa kukomeshwa. Gamba la lambi nalo halitupwi. Wavuvi wanalitoboa, wakifika na samaki wanalipuliza kama baragumu, na watu wanashuka vilimani na mabakuli. Nilipolisikia mara ya kwanza nilisimama bila kujijua. Kwetu ni kelele za mnada ufukweni. Hapa ni mlio mmoja mrefu, halafu kimya, halafu milango inafunguliwa.

Kamba koche tulimla mara moja tu, kwa sababu ya bei, lakini tulibahatika kuwa ndani ya msimu. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti ni marufuku kumvua, apate kuzaa.

Jambo lililonishinda kabisa lilikuwa bahari yenyewe. Mtu wa Jambiani anahesabu siku kwa maji. Bamvua likija, bahari inakupwa mpaka mbali kule kwenye mwamba, unatembea kwa miguu karibu kilomita nzima, wanawake wanakwenda kwenye mwani, watoto wanatafuta kome. Kisha inajaa, inagonga ukuta wa mkahawa. Bequia maji yanapanda na kushuka chini ya nusu mita. Siku mbili nzima nilikuwa nasubiri yakupwe! Asubuhi naamka, yapo. Mchana yapo. Jioni yapo pale pale, buluu, yametulia kama yaliyomo kwenye sinia. Nikamwambia mume wangu bahari hii haiendi kazini. Akasema, "Na wewe je?"

Maana ukweli ni kwamba sikujua kupumzika. Siku ya kwanza nilitandika kitanda, nikaosha vyombo visivyokuwa vyangu, nikaona majani yameanguka uani, nikachukua fagio. Bibi akatoka, akalishika fagio kwa upande wa pili. Tulivutana kidogo. Akaniuliza kama nimelipa. Nikasema ndiyo. "Basi umelipa ili usifagie," akasema, akaenda nalo ndani.

Alinifungia susu la kamba chini ya mti wa mkungu. Nililala ndani yake nikiwa nimejikaza, kama mgonjwa anayesubiri sindano. Nilikuwa naona aibu watu wakipita waniambie salamu nami nimelala. Kule nyumbani waliokuwa wakilala mchana ufukweni ni wageni, na sisi tulikuwa na maneno yetu juu yao ambayo hayaandikiki. Tulijiuliza: hawa hawana wazazi wa kuwatazama? Hawana nguo za kufua? Siku ya nne ndipo usingizi uliponichukua pale pale, saa nne asubuhi, mdomo wazi. Niliamka adhuhuri imeshapita dakika arobaini, nikakimbilia kutawadha, na mgongo wangu, huu ninaoinulia wazee kila siku, haukuwa unauma.

Na mwani. Hili nilimsimulia mama kwa simu jioni ile ile.

Sokoni Port Elizabeth kijana mmoja alikuwa anauza kinywaji cheupe kizito kwenye chupa. Nikauliza ni nini, akaniambia ni mwani. Nikacheka, nikadhani nimesikia vibaya. Mama yangu amelima mwani tangu nikiwa mtoto, zao lililoanza kulimwa kibiashara kwetu mwaka 1989. Najua kuchonga vigingi, najua kufunga tai-tai, vile vikamba vya kushikia mwani, kwenye kamba mpaka vidole vinachubuka, najua gunia la mwani mbichi linavyovunja shingo. Ukikauka unapelekwa nje kutengenezwa dawa ya meno na vipodozi. Enzi zangu hakuna aliyeuweka mdomoni. Kule wanauosha, wanauchemsha, wanausaga na maziwa, mdalasini, vanila na kungumanga, wanauza kwa sifa ya kuleta nguvu za kiume. Saint Lucia, kisiwa cha jirani, wanaulima kwa kamba vile vile.

Nikanywa. Mzito kama uji wa sagu, mtamu, harufu ya kungumanga. Nikampigia mama.

"Mama, nimekunywa mwani."

"Umekunywa nini?"

"Mwani, mama. Wa maziwa."

Kimya. Halafu nikamsikia anamwita shangazi, "Njoo umsikie mwanao, amekwenda Ulaya kunywa mwani!" Kwa mama, kila kilicho ng'ambo ni Ulaya. Akaniuliza wanauza chupa kwa kiasi gani. Nilipombadilishia dola za kule kwa shilingi, kicheko kikakatika. Akaniuliza tena. Sasa hivi anajaribu kuutengeneza nyumbani kwa tangawizi. Shangazi anasema umeshika kwenye sufuria kama gundi.

Kuna siku moja ambayo haikuwa ya kucheka. Dadake Bibi alikuwa akikaa naye chumba cha chini, mwanamke mkimya ambaye hakupenda kulala mlango umefungwa. Alitoka Union Island, kusini mwa hapo. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita Carriacou, kisiwa cha nchi jirani ya Grenada, na Union Island. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ralph Gonsalves, alisema asilimia 90 ya nyumba za Union ziliharibiwa vibaya au kuangushwa. Bequia nayo iliguswa, lakini si kiasi hicho. Alinieleza paa lao lilivyoondoka, sauti yake, na jinsi walivyokaa bafuni wamefunikwa godoro. Kisha akaniuliza kama chai imetosha sukari. Miezi saba na zaidi, bado anasubiri mabati. Mimi nilikuwa nimelalamika kwa ajili ya dakika hamsini.

Siku ya mwisho tulirudi kwenye kile kibanda cha samaki. Safari hii tulipita asubuhi, tukasalimia jiko zima, tukaambiwa kuna jodari au hakuna kitu, tukasema jodari. Tukarudi saa saba. Nilikuwa nimevaa kanga, nimekaa ubao wa karibu na jiko nikimsaidia yule binti kuchambua mbaazi, maana tulikuwa tumeshazoeana na Bibi hakuwepo kunizuia.

Wakaja wageni wanne kutoka kwenye mashua, wekundu kwa jua. Walikaa muda. Mmoja wao, mwanamke wa umri wangu, akainuka, akanijia moja kwa moja, akaniuliza chakula chao kitachukua muda gani. Mume wangu akafungua jicho moja.

Ningeweza kumwambia kuwa mimi pia ni mgeni. Nikaweka bakuli la mbaazi chini, nikaingia jikoni. Mpishi alikuwa anapaa magamba, mzigo ndiyo kwanza umefika. Nikatoka, nikasimama mbele ya meza yao, na mikono ikajikunja nyuma yenyewe.

"Samaki yuko njiani," nikawaambia. "Nimemwona."